Msichana wa Masimba Atacheza Wapi Akimaliza Shule?

Kati ya Julai 26 na Agosti 3, 2025, timu za taifa 12 za wanawake zilikuwa Abidjan, Kodivaa, zikigombania ubingwa wa Afrika wa mpira wa vikapu. Nigeria iliilaza Mali 78-64 katika fainali, ikabeba kombe kwa mara ya tano mfululizo na ya saba kwa jumla. Sudan Kusini, iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza, iliondoka na nishani ya shaba. Uganda ilikuwepo. Rwanda ilikuwepo. Misri, ambayo katika mgawanyo wa shirikisho la kimataifa, FIBA, iko nasi Kanda ya Tano, ilikuwepo pia. Kenya haikuwepo. Wala haikuwepo miaka miwili kabla, michuano hiyo ilipoandaliwa Kigali na wenyeji Rwanda wakafika nusu fainali mbele ya mashabiki wao ndani ya BK Arena. Anayefuatilia michezo ya wanawake hapa nchini hana budi kujiuliza majirani wamepata nini ambacho sisi tumekikosa.

Jibu la haraka ni kwamba mchezo huu si wetu. Historia inalikataa jibu hilo. Michuano ya Afrika ya wanawake ilianza mwaka 1966 mjini Conakry, Misri ikawa bingwa wa kwanza, na tangu hapo Senegal imelitwaa taji mara 11. Kenya haikukaa pembeni miaka yote hiyo. Mwaka 1994 wanawake wetu walikwenda Australia kucheza Kombe la Dunia. Walimaliza mkiani, ndiyo, lakini walikuwa miongoni mwa timu 16 za dunia nzima. Mwaka 1997 michuano ya Afrika ilichezwa hapa hapa Nairobi. Na si lazima turudi mbali hivyo: Julai 2021, mjini Kigali, timu ya Kenya inayoitwa Lionesses ilishinda mchujo wa Kanda ya Tano kwa kuifunga Misri kwenye fainali, ikafuzu kwenda Yaoundé. Nchi inayoweza kuishinda Misri mwaka mmoja, kisha ikakosa michuano miwili mfululizo, haiwezi kusemwa kwamba haina wachezaji. Inao. Inachokosa ni uhakika wa kuwapata wengine hao wanapochoka, wanapoumia, wanapoolewa au wanapohamia ng'ambo.

Dai langu ni hili: timu ya taifa ya wanawake hupotezwa katika miaka kati ya 18 na 25, msichana akiwa ametoka shuleni na hajui akacheze wapi, na miaka hiyo hupotea zaidi katika sehemu kama Masimba kuliko katika jiji la Nairobi. Masimba ni mji mdogo wa Masaba Kusini, upande wa mashariki wa Kaunti ya Kisii, katika vilima vya chai na migomba, karibu na Keroka ambako mpaka wa Kisii na Nyamira, kaunti mbili za Gusii, unapita. Nimeuchagua si kwa sababu una aibu ya pekee, bali kwa sababu unafanana na mamia ya miji midogo ya Kenya yenye shule nyingi, vijana wengi na makofi mengi siku ya mashindano, halafu hakuna chochote siku ya pili yake. Tukielewa kinachompata msichana wa hapo, tutaelewa kwa nini Kenya haikuwa Abidjan.

Tuanze na kile kilichopo, kwa maana si haki kusema hakuna kitu. Michezo ya shule za sekondari nchini hufuata ratiba inayojulikana: basketboli ya wachezaji watano huchezwa muhula wa kwanza, pamoja na mpira wa magongo, handiboli na raga, muhula wa pili huja soka, voliboli, netiboli, na basketboli ya watatu kwa watatu inayochezwa nusu uwanja. Timu hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, eneo, taifa, na kwa wachache, michezo ya shule za Afrika Mashariki. Msichana anayeingia sekondari akitoka shule za msingi za Gusii mara nyingi huwa ameshika mpira wa netiboli tayari. Ana mikono mizuri, anajua kudaka juu na kusoma pasi, na pete aliyozoea kuilenga iko mita 3.05 kutoka ardhini, urefu ule ule wa pete ya basketboli. Asichokuwa nacho ni kudunda. Netiboli imemfundisha kusimama akiupata mpira. Basketboli inamtaka aondoke nao, audunde bila kuutazama, abadilishe mkono anapobanwa, na timu yake iwe imerusha mpira kikapuni ndani ya sekunde 24. Ujuzi huo hauletwi na nguvu wala urefu. Huletwa na saa nyingi za kudunda mahali panapodundika.

Hapo ndipo tatizo la kwanza linapojitokeza, na ni tatizo la sakafu. Shule nyingi za vijijini zina uwanja wa basketboli kwa jina tu: bomba la chuma lililochimbiwa chini, ubao wa plywood uliovimba kwa mvua, pete iliyochomelewa na fundi wa jua kali, na chini yake udongo mwekundu au changarawe. Mpira wa wanawake, saizi ya 6, ukidundwa juu ya changarawe hauna wiki nyingi: chunusi zake zinazoshikika husagika, ukawa laini, ukawa unaponyoka mkononi. Mvua ikinyesha, na Gusii mvua haina mwezi wa kuisahau, mpira hauinuki kabisa kutoka kwenye tope. Mchezaji aliyejifunzia hapo hujifunza kupiga pasi haraka na kukimbia, kwa sababu kudunda hakumlipi. Akikutana na timu iliyojifunzia kwenye zege, anapokonywa mpira kila anapojaribu kuvuka nusu ya uwanja. Watazamaji husema hana kipaji. Ukweli ni kwamba hajawahi kupewa ardhi ngumu ya kukionyesha kipaji hicho.

Hata hivyo naona tatizo la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Tuseme yote yamekwenda sawa: shule ilipata zege, kocha alikuwa mwalimu mwenye moyo, timu ilivuka hadi michezo ya eneo la Nyanza, na msichana mmoja akang'aa. Anafanya mtihani Novemba. Desemba yuko nyumbani. Januari anasaidia kuchuma chai, au yuko dukani kwa shangazi Keroka, au anasubiri barua ya chuo. Timu za wanawake zinazosikika katika ligi kuu ya Kenya ni zipi? Bandari, yaani KPA, ya Mombasa. Equity Bank. Zetech. Strathmore. USIU. Chuo Kikuu cha Kenyatta. Isipokuwa KPA iliyoko pwani, hizo zote ziko Nairobi na viunga vyake. Msichana wa Masimba akitaka kuendelea kucheza baada ya shule, mlango ni mmoja: aonekane na chuo kikuu cha jijini au na kampuni kubwa, katika siku zile chache za michezo ya kitaifa ya shule, akiwa na miaka 17. Asipoonekana siku hizo, hakuna ligi ya mkoa ya kumwezesha aonekane akiwa na miaka 20. Na basketboli ya wanawake haikomai kwa miaka 17. Wengi wanaobeba timu za taifa za Afrika wako katikati ya miaka ya ishirini na kuendelea.

Tukitazama orodha ya mabingwa wa Afrika kwa jicho hilo, mambo mengi yanajieleza. Angola ilishinda ubingwa wa wanawake mwaka 2011 na 2013. Wachezaji wake walikuwa wakiishi wapi mwaka mzima? Zaidi katika Interclube, klabu ya polisi, na 1º de Agosto, klabu ya jeshi, ambazo zenyewe zilikuwa zikibeba vikombe vya klabu za Afrika katika miaka hiyo. Msumbiji, ambayo ilifika fainali ya 2013, ina Ferroviário de Maputo, klabu yenye asili ya shirika la reli, bingwa wa Afrika wa 2018 na 2019. Nigeria ililea kizazi kizima kupitia timu ya wanawake ya First Bank. Rwanda wana APR ya jeshi na REG ya shirika la umeme. Uganda wameegemea vyuo vikuu, kama Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kilichoko Mukono. Kila mahali kuna mtu au taasisi inayomwambia msichana wa miaka 19: njoo, kuna mshahara au kuna karo, na jioni kuna mazoezi. Si shirikisho la taifa lililofanya hivyo. Shirikisho huita kambi ya wiki chache na kuchagua kutoka kwa wale waliolelewa na wengine.

Gusii yenyewe inalijua jambo hili vizuri, ila imelijua katika riadha. Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968, alikuwa mwanajeshi. Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019 na mshindi wa Boston Marathon 2023 na 2024, naye alipitia Jeshi la Ulinzi la Kenya. Tunapenda kusimulia kwamba wakimbiaji hawa walizaliwa na mapafu ya milima. Milima ilisaidia, lakini mwajiri ndiye aliyewapa asubuhi za kukimbia bila kuulizwa wamechuma kilo ngapi za majani ya chai. Kama mkimbiaji, ambaye anaweza kufanya mazoezi peke yake barabarani, alihitaji kubebwa hivyo, mchezaji wa timu, asiyeweza kufanya mazoezi ya maana bila wenzake tisa, atahitaji zaidi.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote ni wa voliboli, kwa sababu unahusu nchi hii hii na wasichana hawa hawa. Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya mchezo huo, wamecheza Olimpiki nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris. Mwaka 2023 mjini Yaoundé walitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kumi. Timu hiyo haikujengwa na watoto wa mitaa ya kifahari. Wengi walitoka shule za vijijini za magharibi na mashariki mwa Kenya, Lugulu, Mukumu, Malava, Kwanthanze, shule ambazo kwa mazingira hazina tofauti kubwa na za Gusii. Kilichowatofautisha na wenzao wa basketboli ni kilichowasubiri nje ya lango la shule: Kenya Pipeline, Magereza, Posta, KCB. Msichana aliyekuwa akipiga mpira vizuri alijua kuna ajira. Mzazi wake alijua. Mwalimu wake alijua, na kwa hiyo alikuwa tayari kubaki uwanjani hadi saa kumi na mbili jioni. Katika basketboli ya wanawake, mlango wa aina hiyo umekuwa mmoja au miwili tu nchi nzima.

Kuna watakaonipinga kwa kunionyesha Sudan Kusini. Watasema: nchi ile haina ligi ya wilaya yenye miaka mingi, wala viwanja vya kutosha, na imepata shaba kwa kuwakusanya mabinti zake waliokulia Australia na Marekani. Nigeria vilevile, wengi wa wale walioifanya iwe timu ya kwanza ya vikapu ya Afrika, ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali ya Olimpiki, pale Paris 2024, walikulia au walisomea Marekani. Kwa nini basi tuhangaike na Masimba wakati kuna Wakenya ng'ambo? Pingamizi hili lina uzito na sitaki kulipuuza. Hata Kenya ya 2021 ilinufaika na Victoria Reynolds, aliyelelewa Marekani. Lakini njia hiyo haipatikani kwa kuitamani. Nigeria ina watu wake mamilioni ng'ambo. Sudan Kusini ilitawanywa na vita, na vizazi vilivyozaliwa ukimbizini vikakulia katika nchi zenye viwanja vya ndani kila mtaa. Kenya haina hesabu ya namna hiyo, na kanuni za FIBA zinaruhusu mchezaji mmoja tu kwa timu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Zaidi ya hapo, binti wa ng'ambo huja kwa wiki mbili za michuano kisha hurudi kwake. Hamfundishi mtu wa Gusii kudunda, na mwaka asipopata ruhusa ya klabu yake, pengo linabaki wazi. Waite, waje, wanakaribishwa. Lakini timu inayowategemea wao pekee hujengwa upya kila baada ya miaka miwili.

Wengine husema wasichana wetu ni wafupi. Hoja hii husikika sana kuhusu Abagusii, na inasemwa kana kwamba imethibitishwa. Kwanza, voliboli nayo ni mchezo wa warefu, na haikutuzuia kufika Olimpiki mara nne. Pili, basketboli ina nafasi ya mchezeshaji, yule anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi: Ezinne Kalu wa Nigeria, mmoja wa wachezaji bora wa Afrika wa miaka hii, ana takriban mita 1.73. Tatu, warefu wapo, ila hakuna anayewatafuta. Madina Okot, mwenye karibu mita mbili, alitoka magharibi mwa Kenya na alikuwa akicheza voliboli kabla ya kuingia basketboli; akapitia Kaya Tiwi ya Kwale, kisha Zetech, kisha Mississippi State, kisha South Carolina, mojawapo ya timu kubwa kabisa za vyuo vikuu vya wanawake Marekani. Safari yake inatajwa kama muujiza. Mimi naisoma kama hesabu ya ulegevu wetu: mchezaji wa kiwango kile alikuwa katika shule zetu, na ilihitaji mtu mmoja mwenye jicho amhamishe kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Hatujui ni wangapi waliopita bila kukutana na mtu huyo.

Pingamizi la gharama ndilo linalostahili nafasi kubwa zaidi, maana wananchi wa Kisii na Nyamira wana haki ya kuuliza kwa nini pesa ziende kwenye vikapu wakati zahanati hazina dawa na barabara za mashambani hazipitiki. Jibu la kwanza ni la ardhi. Kaunti ya Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860 mwaka 2019 na Nyamira 605,576, na sehemu kubwa ya eneo hili ni mashamba ya familia yaliyogawanywa hadi kubaki vipande. Uwanja kamili wa soka, mita 105 kwa 68, unakula karibu ekari moja na robo tatu. Nani Masimba ana ekari moja na robo tatu ya tambarare ya kutoa? Uwanja wa basketboli ni mita 28 kwa 15. Ukiongeza mita mbili za usalama kila upande, hazifiki mita za mraba 610, chini ya moja ya sita ya ekari. Katika nafasi ya uwanja mmoja wa soka unaingiza karibu viwanja 12 vya vikapu. Kwa nchi ya vilima ambako tambarare ni adimu, huu ndio mchezo unaolingana na ardhi yetu, na naona ajabu kwamba wapangaji wa michezo wa kaunti zetu mbili bado hufikiria uwanja kwa maana moja tu, ya soka na jukwaa.

Jibu la pili ni la mvua. Uwanja wa nyasi ukichezewa siku ya mvua huharibika, na Gusii hiyo ni miezi mingi ya mwaka, ikiwemo Machi na Aprili, wakati michezo ya muhula wa kwanza inapoelekea kilele. Zege lenye mteremko mdogo wa kutoa maji hukauka muda mfupi baada ya mvua kukatika. Likimwagwa vizuri hutumika miaka mingi, na halichezewi basketboli tu: ukichora mistari ya rangi nyingine na kuleta wavu, ni uwanja wa voliboli na netiboli. Siku ya soko au ya mkutano wa chifu watu watakaa hapo. Kwa hiyo gharama yake haimwangukii msichana wa vikapu peke yake.

Jibu la tatu ni la sheria. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti shughuli na vifaa vya michezo. Si hisani ya gavana. Ni kazi yake, kama zahanati ilivyo kazi yake. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, nayo inaruhusiwa kutenga hadi asilimia 2 kwa michezo. Pesa hizo zipo na zinatumika sasa hivi, lakini mara nyingi huishia kwenye jezi na kombe la siku mbili lenye jina la mwanasiasa. Sidai fungu jipya litolewe kinywani mwa wagonjwa. Nadai fungu lililopo liache kununua jezi na lianze kumwaga zege.

Lipo jambo ambalo wazazi hulisema kwa sauti ya chini, nalo ni usalama. Binti kutoka mazoezini gizani, binti kulala safarini na timu chini ya mtu mzima wasiyemjua, binti kupata mimba na masomo kukatika. Hofu hiyo ina haki yote, na wanaoendesha michezo hapa nchini wameipa sababu mara nyingi kuliko wanavyopenda kukiri. Lakini nauliza: binti aliyemaliza shule na kukaa nyumbani bila ratiba yoyote yuko salama zaidi? Ulinzi wa kweli hautoki katika kumfungia. Unatoka katika kuwa na makocha wanawake, kufanya mazoezi mchana mahali pa wazi panapoonekana na kila mpita njia, na kutosafiri mbali bila sababu. Na hapa ndipo ligi ya karibu inapoishinda njia ya sasa. Leo, msichana mwenye kipaji lazima apelekwe Nairobi akiwa na miaka 17 kwa mtu ambaye mama yake hamfahamu. Kukiwa na ligi ya Gusii, anacheza Jumamosi Keroka na usiku analala kwao.

Ligi hiyo ingekuwaje? Haihitaji kuwa kubwa. Timu sita au nane za wanawake zingetosha kuanza: Masimba, Keroka, Nyamira mjini, Ogembo, Suneka, na mji wa Kisii wenye chuo kikuu na chuo cha kiufundi vinavyoweza kutoa timu bila kungoja mtu. Mechi Jumamosi, mzunguko mmoja kabla ya msimu wa mitihani na mwingine baada yake. Mechi ya basketboli ni robo nne za dakika kumi kumi, kwa hiyo uwanja mmoja unaweza kubeba mechi tatu mchana mmoja na watu wakarudi makwao jua lingali juu. Mahali pasipo na wachezaji wa kutosha, panachezwa watatu kwa watatu: pete moja, mpira mmoja, dakika kumi au pointi 21. Mchezo huo mdogo umeshafika Olimpiki, na wanawake wa Kenya waliucheza Birmingham kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022. Kinachosahaulika kila mara ni waamuzi na makarani wa mezani, watu wa kuhesabu faulo na kushika saa. Bila wao mechi huisha kwa ugomvi na wazazi hawarudi. Kuwafunza vijana 20 kazi hiyo, wasichana kwa wavulana, kunagharimu kidogo kuliko jezi za mashindano ya mara moja, na wao pia wanapata kazi ya kulipwa siku za mechi.

Mwajiri atatoka wapi? Gusii haina bandari wala makao makuu ya benki. Ina viwanda vya chai vinavyomilikiwa na wakulima chini ya KTDA, kikiwemo Kiamokama kilicho jirani na Masimba. Ina kaunti mbili zenye maelfu ya wafanyakazi. Ina hospitali, vyuo na mashirika ya akiba na mikopo. Najua mkulima anayesubiri bonasi yake hatafurahi kusikia kiwanda kinataka kuendesha klabu, na sipendekezi hivyo. Napendekeza dogo zaidi: nafasi za kazi ambazo tayari zinatangazwa, za karani, mlinzi, mpima majani au msaidizi wa maabara, zisimfungie nje msichana kwa kuwa ana mechi Jumamosi, na taasisi mbili tatu zikubali jina lao libebwe na timu. Pipeline na Posta katika voliboli hazikuwa hisani. Zilikuwa ajira za kawaida zilizoacha jioni huru.

Mtaala mpya umeleta nafasi ambayo haikuwepo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za sekondari ya juu Januari 2026, na moja ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule inayotoa njia hiyo bila uwanja wa zege itakuwa inafundisha michezo ubaoni. Wanafunzi hao watamaliza mwishoni mwa 2028. Michuano ya Afrika ya wanawake huchezwa kila miaka miwili: ya 2029 itawakuta bado wachanga, lakini ya 2031 na 2033 ni ya umri wao hasa. Kati ya siku watakayotoka shuleni na michuano ile ya 2031 kuna takriban miaka miwili na nusu, na hiyo ndiyo miaka ambayo Masimba kwa sasa haina la kumpa mchezaji. Bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, baada ya wananchi kuitwa kutoa maoni yao wadi kwa wadi. Huko ndiko walimu wa michezo, wazazi na wasichana wenyewe wanapaswa kufika na ombi lililoandikwa, lenye vipimo vya uwanja, mahali pake, na jina la atakayeutunza.